Sauti Iliyoingia Shambani

Msomaji mmoja wa Mazinde alinitumia ujumbe juzi: "Dada Mwantumu, nimekusoma wiki sita, bado sijaona ulipotenda wema." Ndugu yangu, endelea kutafuta. Ukiupata unijulishe, maana hata mimi nautafuta.

Kwa unayeanza leo, sitakuchosha. Mimi ni Mwantumu binti Mhina, mzaliwa wa Handeni, mpangaji wa Kilole, Korogwe. Nina miaka kumi na saba katika kazi ya kutafutia biashara michezo ya simu. Nilianzia stendi ya Korogwe nikiwaingizia watu michezo kwenye simu zao, kompyuta ikaibiwa. Nikaenda Dar. Kampuni ya kwanza ikafa, ya pili ikanifukuza, ya tatu ikanipandisha cheo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniharibu.

Watu huniuliza kazi yenyewe ni nini. Wanaotengeneza mchezo wanakaa kwenye kiyoyozi wanachora. Mimi natafuta watu. Kama kuna mtu ana kitu ambacho mchezo unakihitaji, iwe ni jina lake, sura yake au mtandao wake wa simu, natumwa mimi. Nakula chakula chake, nacheka utani wake, nambeba mjukuu wake. Akishanizoea, natoa karatasi.

Miaka kumi na saba nimekula kwa watu namna hiyo. Siku hizi nikiona sahani ya mtu inanijia, naisukuma kando kabla sijaonja.

Wiki iliyopita niliwaacha bomani kwa Mzee Kisemei, kule Handeni, nimeshika kibuyu cha maziwa. Mchezo wetu mpya unaitwa Zizi. Mchezaji anafuga ng'ombe wake ndani ya simu, na jua likizama anabonyeza alama ya mdomo, sauti ya mzee inaita, ng'ombe wanarudi. Wenzangu walitaka kumlipa mwigizaji wa Dar. Mimi nikasema hapana, mwenye sauti ninamjua.

Nilimjua tangu nikiwa msichana. Mzee Kisemei alipokuja na ng'ombe wake kijijini kwetu, miaka ishirini na mbili iliyopita, aliyempokea na kumwombea mahali kwenye serikali ya kijiji ni baba yangu mdogo, Mzee Sufiani, ndugu wa marehemu baba. Huyo Sufiani ndiye aliyenilea kwa jembe lake. Shamba lake na malisho ya mzee vinatenganishwa na kichaka na lambo la maji.

Mzee aliita ng'ombe wake, nikarekodi. Nikataka kumlipa. Akacheka.

"Sauti haina bei, binti. Umekunywa maziwa kwangu, nakupa."

Ningeishia hapo ningekuwa mtu. Lakini wanasheria wa Dar wakasema zawadi si mkataba, wanataka dole gumba. Basi Jumanne ya tarehe mbili, mwezi huu wa sita, nikamtumia mzee nauli, akapanda basi la asubuhi kutoka Handeni hadi Korogwe. Kufika kwangu Kilole ilikuwa saa sita.

"Takwenya," akanisalimu mlangoni kwa Kimaa.

"Iko," nikaitikia, nikamkaribisha ndani.

Hakuwa na miwani wala msomaji. Msomaji nilikuwa mimi. Nilimsomea mkataba kwa sauti tamu ya kitapeli, ile niliyoizoea, ya kupita juu juu kama mtu anayevuka matope. Palipoandikwa kwamba sauti yake ni mali ya kampuni duniani kote na milele, nilisema, "Hapa wanasema watakuwa wanaitumia."

"Sawa," akasema.

"Na hapa wanasema ni siri. Usimwambie mtu kwamba sauti ni yako, wala kwamba umekuja kwangu kusaini. Mpaka tarehe kumi na tano, mchezo utakapotoka."

Nilikisoma kifungu hicho huku nikitafuta kidau cha wino. Kifungu cha siri kimo katika kila mkataba niliowahi kushika. Dar watu wanakitia saini, na kabla chai haijapoa wameshampigia mshindani. Sijawahi kuona mtu anayekijali.

Mzee Kisemei akaweka fimbo yake sakafuni.

"Nisimwambie hata Taiyo?" Taiyo ni mwanawe mkubwa, ndiye anayechunga siku hizi.

"Hata Taiyo, mzee."

"Na wewe husemi?"

"Na mimi sisemi."

"Wote wawili, mpaka tarehe kumi na tano?"

"Wote wawili."

Akanyoosha dole gumba, nikalikandamiza kwenye wino wa zambarau, nikalikandamiza kwenye karatasi. Nikampa karatasi laini ajifute. Wino haukutoka, akajifutia kwenye lubega lake, haukutoka pia.

"Basi," akasema. "Mimi nimefunga mdomo."

Nikampa chakula, kisha chai. Mzee yuko sebuleni kwangu, kikombe mkononi, saa tisa na nusu alasiri, simu yangu ikaita. Ni Hafsa, binti wa Baba Mdogo. Analia.

"Dada! Dada, ng'ombe wameingia shambani! Mahindi yote!"

Nikatoka uani na simu.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa Mzee Kisemei. Dada, ni mimi. Nimewaita mimi."

Sikiliza upumbavu wenyewe ulivyopangwa, na utafute ndani yake kidole changu. Mahindi ya Baba Mdogo yalikuwa yamebeba, Hafsa akawa analinda ngedere kutwa nzima kibandani. Mimi, dada mwema, nilimnunulia spika ndogo ya kuchaji, apige muziki ngedere wakimbie. Mimi huyo huyo nilimwekea Zizi kwenye simu yake, toleo la majaribio, nikamwambia acheze sana kisha anieleze penye kasoro.

"Ngedere wamezoea muziki, dada," Hafsa akasema kwa kwikwi. "Na mimi hawaniogopi, wananiona mwanamke. Wanaogopa mwanaume. Nikasema niwawekee sauti ya mzee. Nikaweka spika mwisho, nikabonyeza ile alama ya mdomo, nikabonyeza tena na tena. Ngedere wakakimbia. Nikafurahi! Kumbe Taiyo yuko lamboni ananywesha. Dada, walikuja mbio. Niliona pembe tu. Wanamtafuta mzee wao katikati ya mahindi, wanalia!"

Nyuma yangu, mlango wa uani ukafunguka. Mzee Kisemei, kikombe bado mkononi.

"Kuna tatizo, binti?"

Jibu lilikuwa jepesi. Ningesema: mzee, ng'ombe wako wameitwa na simu yangu, twende tukaeleze. Yangeishia kwa pole na kicheko, huenda na mbuzi mmoja.

"Hapana, mzee," nikasema. "Mambo ya watoto tu."

Akarudi ndani kumalizia chai yake. Nikashusha sauti.

"Hafsa, umemwambia nani?"

"Bado. Baba ananijia huko, ana panga."

"Futa huo mchezo sasa hivi. Spika ifiche. Useme ulikwenda kuchota maji, ulirudi ukawakuta."

"Lakini dada, watamwonea mzee wa watu!"

"Hawatamwonea. Hakuwepo, yuko huku kwangu Korogwe. Nyamaza tu, mimi nitalimaliza."

Mkinitemea mate hapo, temeni. Mimi mwenyewe nilitema, nikasukutua, mdomo ukabaki mchungu.

Nikampeleka mzee stendi, nikampakia kwenye basi. Alinishukuru kwa chai. Nilirudi nyumbani nikaukuta wino wake wa zambarau kwenye kishikio cha kikombe, nikakisugua kwa sabuni hadi vidole vikaniwasha. Kikombe nikakitupa.

Kisha nikampigia bosi wangu, Adamu. Huyu Adamu ni kijana wa miaka thelathini, ananiita "maza", na simu yake haipokelewi bila muziki nyuma. Nikamweleza yote. Nilitumaini atashtuka.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Maza, yaani ng'ombe wenyewe wamedanganyika? Hii ni noma! Hii stori ni tangazo la bure kabisa."

"Adamu, mzee ataonekana mwizi wa malisho. Kijijini kwetu hilo si jambo dogo."

"Sikia. Tarehe kumi na tano kampuni ya simu inatuweka kwenye kila simu mpya nchi nzima. Leo wakisikia mchezo wetu umeshaleta ugomvi wa wakulima na wafugaji, wanajitoa kesho. Ukinyamaza mpaka tarehe kumi na tano, tarehe kumi na sita tunamleta mzee kwenye runinga, analia, tunamkumbatia. Unaniona nilipofika?"

"Nakuona."

"Na wewe unakuwa mkurugenzi. Miaka kumi na saba, maza. Usiiue kwa mahindi."

Usiiue kwa mahindi. Nimekulia kwenye mahindi hayo. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye mahindi hayo. Na nikamjibu nini? Nikamwambia, "Sawa, bosi." Nimewahi kuona fisi akila mzoga Handeni, akitapika, akirudia matapishi yake. Tangu simu hiyo simcheki tena.

Alhamisi Baba Mdogo akanipigia.

"Mwanangu, Jumamosi kuna mkutano ofisi ya kijiji. Njoo usimame na sisi."

"Mnataka fidia kiasi gani, Baba Mdogo?"

"Fidia? Sitaki hata punje yake. Nataka aondoke na mifugo yake yote. Mimi ndiye niliyempokea yule, Mwantumu. Nilimwombea mahali pa kulala, leo anaswaga ng'ombe kwenye mahindi yangu mchana kweupe? Angeniomba majani ningempa. Ni dharau hiyo inayoniua."

"Una hakika ni yeye?"

"Simeo, mchoma mkaa, amemsikia kwa masikio yake."

Jumamosi ya tarehe sita nikapanda basi hadi Handeni mjini, nikachukua bodaboda nusu saa hadi kijijini. Uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa, wakulima upande wa ukuta, wafugaji upande wa bomba, katikati kumeachwa nafasi ya kupita trekta. Baba Mdogo alinishikia kiti karibu naye. Hafsa alikaa nyuma yetu na akina mama, kajitanda mtandio hadi machoni.

Mzee Kisemei alikuwa amekaa peke yake mbele, fimbo magotini. Nilimwangalia mikono. Dole gumba la kulia lilikuwa bado na zambarau pembeni ya ukucha. Siku nne, na halijatoka.

Mtendaji wa kijiji akamwita Simeo kwanza. Simeo anachoma mkaa nyuma ya kichaka, na anapenda mikutano kuliko mkaa.

"Nilikuwa kwenye tanuri langu," akaanza, "saa tisa hivi. Nikasikia Mzee Kisemei anaita ng'ombe. Sauti inatoka ndani ya mahindi ya Mzee Sufiani."

"Ulimwona?"

"Mahindi yamenipita kimo, nitamwonaje? Lakini sauti ile naijua. Miaka ishirini ananiamsha nayo. Aliita si mara moja, aliita mara kumi. Ng'ombe wakapita mbele yangu wanakimbilia kwake."

Wakulima wakaguna. Taiyo akasimama upande wa bomba.

"Mtendaji, mimi ndiye nilikuwa na ng'ombe. Wametoka lamboni wenyewe, wanakimbia kama wameitwa. Nimepiga fimbo, hawanijali. Na mimi nimeisikia hiyo sauti."



"Umeisikia?" mtendaji akauliza. "Sauti ya baba yako?"

Taiyo akamtazama baba yake. Huyu ni mwana asiyejua kusema uongo, na sijui wanawalisha nini.

"Ndiyo," akasema. "Ni ya baba."

Mama mmoja upande wa wafugaji akajipiga paja. Baba Mdogo akaninong'oneza, "Umesikia? Mwanawe mwenyewe!" Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu kikaitikia, wasomaji wangu, na shingo haikukatika.

Wakamwita Hafsa.

"Nilikwenda kuchota maji," akasema kwa sauti ya mbu. "Niliporudi nikawakuta."

"Sauti ya mzee hukuisikia?"

Nikageuka nikamkazia macho. Mtoto wa watu akashusha macho.

"Nilikuwa mbali."

Ndipo mtendaji akamgeukia mzee mwenyewe.

"Mzee wetu, umesikia. Jirani amesema, na mwanao amesema. Unasemaje?"

Mzee Kisemei akasimama taratibu, akaegemea fimbo.

"Sufiani," akasema, hakumtazama mtendaji, "mahindi yako nimeyaona. Yameniuma. Lakini mimi sikuwaita. Siku hiyo nilikuwa Korogwe."

"Korogwe wapi?"

"Korogwe."

"Kufanya nini?"

"Siwezi kusema."

Vicheko vikapanda upande wa ukuta. Mtendaji akainua mkono.

"Mzee, hapa unatafutwa ukweli kwa faida yako. Sema ulikuwa na nani. Mtu mmoja tu athibitishe, tufunge kikao twende tukale."

"Yupo mtu," akasema. "Lakini nimempa neno langu kwamba sitasema. Naye kanipa lake."

"Baba!" Taiyo akapiga kelele. "Sema! Watatuhamisha! Kaburi la mama liko hapa!"

Mzee akageuka akamwambia kitu kwa Kimaa, maneno mawili tu, na Taiyo akakaa chini, kajifunika uso kwa lubega.

Kifungu cha siri! Kifungu kile ambacho mwanasheria wetu alikinakili kutoka mkataba mwingine bila hata kurekebisha nukta. Karatasi ambayo mimi, Adamu na kila mtu wa kazi yangu tunaipangusia mafuta ya chipsi. Mzee alikuwa ameiweka kifuani, na sasa inamhamisha, yeye na ng'ombe wake na kaburi la mkewe. Na hakuwa amenitupia jicho hata mara moja, mtu asije akafuata jicho lake akanifikia.

Nikataka kutapika. Si kwa mfano. Nilishika mdomo.

"Mwanangu, vipi?" Baba Mdogo akauliza.

"Jua tu, Baba Mdogo."

Mtendaji akakunja karatasi zake. "Kama hana shahidi, mnajua tulichokubaliana. Mwezi mmoja wa kuondoka. Kuna mwenye neno kabla sijaandika?"

Waungwana husema, muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi nilikuwa sijavuliwa bado. Hakuna aliyejua ila Hafsa. Ningekaa kimya dakika moja zaidi, jambo lingekuwa limekwisha, na tarehe kumi na tano ingefika.

Baba Mdogo akasimama. Nilidhani anataka kushukuru kikao.

"Mtendaji, mimi nataka haki itendeke kweupe, asije akasema tumemwonea," akasema. "Mwanangu Mwantumu huyu hapa anakaa Kilole, Korogwe kwenyewe. Ni mtu wa ofisi, anaheshimika hadi Dar, na mzee huyu anamjua tangu mdogo. Mtu wa kwetu akifika Korogwe hapiti bila kuonana naye. Basi aulizwe yeye. Akisema alimwona, mimi Sufiani nafuta kesi sasa hivi. Akisema hakumwona, tumalize."

Akaniwekea mkono begani, mkono ule mgumu wa jembe.

"Simama, mwanangu. Mimi neno lako nalijua. Waambie."

Nikasimama. Hafsa nyuma yangu alianza kulia waziwazi, na akina mama wakamuuliza ana nini. Kwenye mkoba simu ilitetemeka, ikaacha, ikatetemeka tena. Nilijua ni Adamu.

"Jumanne ya tarehe mbili," nikaanza.

Hapo ndipo Mzee Kisemei aliponitazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa na wasiwasi, lakini haukuwa wa kwake. Alikuwa ananihofia mimi nisije nikavunja neno langu. Akainua lile dole gumba lenye wino, akanizuia nalo kwa upole, kama unavyomzuia mtoto asikanyage moto.

"Binti," akasema mbele ya kijiji kizima, "bado siku tisa."